Kitabu cha kanisa kinasema alifariki 1919, kipande cha Lupa kinasema alikuwa kazini 1936: yupi ni babu wa baba yangu?

#1 Mjukuu wa Masoko

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kusoma kumbukumbu za zamani za Nyanda za Juu Kusini, hasa za Rungwe, kwa sababu nina karatasi mbili ambazo zote ni halisi na zote zinapingana.

Babu wa baba yangu alibatizwa mwaka 1912 katika usharika mmoja wa Moravian upande wa Masoko, akachukua jina la Ambilikile. Kitabu chenyewe kipo hadi leo, na mchungaji aliniruhusu kupiga picha ukurasa wake wenye namba, tarehe, jina la zamani, jina jipya, jina la baba na kijiji alichotoka. Pembeni mwa mstari wake, kwa wino uliopauka na mwandiko usiofanana na ule wa mwanzo, kuna neno la Kijerumani lililofupishwa, alama ya msalaba na mwaka 1919. Mzee wa kanisa aliyekuwa nami alisema bila kusita kwamba huo ndio mwaka aliofariki.

Nyumbani nako, ndani ya mkebe wa bati ambao shangazi yangu ameutunza tangu bibi yake afariki, kuna kipande cha kazi, yaani kadi ya mfanyakazi, cha machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya cha mwaka 1936. Jina ni Ambilikile, jina la baba ni lile lile, kijiji ni kile kile, wilaya ni Rungwe, na chini kuna alama ya dole gumba ambayo wino wake umesambaa kidogo upande mmoja. Babu yangu, ambaye ukoo wote unamhesabu kuwa mtoto wa huyo Ambilikile, alizaliwa kati ya 1923 na 1925. Kwa hiyo kama kitabu kinasema kweli, babu yangu alizaliwa miaka kadhaa baada ya baba yake kuzikwa.

Masimulizi ya nyumbani yanasema kwamba mzee alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza walipoingia kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) mwaka 1916, kisha akarudi. Hakuna anayejua alirudi lini. Mwezi wa 12 ukoo unakutana na mimi nimepewa kazi ya kuandika historia yetu, nami sitaki kuandika jambo ambalo wajukuu watakuja kulifuta.

#2 Kibena cha Juu

Pole kwa kazi, ndugu. Mimi naona hao ni watu wawili waliofanana majina. Waumini wa mwanzo wa Unyakyusa walipenda sana majina kama Ambilikile na Asegelile wakati wa kubatizwa, na ukifungua kitabu chochote cha miaka ile utawakuta wengi katika usharika mmoja. Usiyatafutie fumbo majina yaliyokuwa ya kawaida.

#3 Mjukuu wa Masoko

#2, asante. Hilo nililifikiria. Kinachonizuia kulikubali ni jina la baba na jina la kijiji, ambavyo vyote vinalingana. Nimepitia kurasa za miaka ya jirani na sijaona Ambilikile mwingine mwenye baba wa jina hilo.

#4 Mwalimu Mstaafu, Kyela

Wajukuu, hamjambo. Naomba mnivumilie niandike kwa urefu, kwa sababu jambo hili watu wengi wa mjini hawalijui tena.

Kwetu Unyakyusa mtu mzima mwenye mji wake akifa, hakuachwa hivi hivi. Mrithi wake wa kwanza hakuwa mwanawe, bali mdogo wake wa baba mmoja na mama mmoja, kisha ndugu wengine wa kizazi kile, na wana walisubiri hadi kizazi cha baba zao kiishe. Aliyerithi alirithi vyote: ng'ombe, migomba, wajane, watoto, nafasi ya marehemu katika kijiji, na jina lake. Tangu siku alipotolewa mbele ya watu baada ya matanga, aliitwa kwa jina la marehemu na watoto walimwita baba. Haikuwa heshima ya mdomoni tu, kwa sababu mbele ya watu wote yeye ndiye aliyekuwa huyo mtu.

Sasa tazama karatasi zako kwa jicho hilo. Ambilikile wa kwanza anafariki 1919, na tukumbuke kwamba homa kubwa ya 1918 na 1919 ilipita huku ikiua watu waliokwisha kudhoofishwa na vita na njaa. Mdogo wake anarithi mji, mke na jina. Anamzaa babu yako miaka michache baadaye. Mwaka 1936 karani wa Lupa anamuuliza jina lake, naye anataja jina ambalo kijiji kizima kinamwita, na anapoulizwa jina la baba analitaja lile lile, kwa kuwa baba yao ni mmoja. Karatasi zote mbili zimesema kweli. Ni watu wawili, lakini si majina yaliyogongana kwa bahati kama anavyosema #2.

#5 Binti Rutenganio

Shikamoo Mwalimu. Maelezo yako ni mazuri, lakini umeruka jambo kubwa: huyu alikuwa Mkristo aliyebatizwa. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kurithi wajane ni mambo waliyoyapiga vita tangu mwanzo pamoja na ndoa ya wake wengi. Mwumini aliyerithi mjane alitengwa. Tena jina lenyewe ni la ubatizo. Je, mdogo mtu ambaye pengine hakubatizwa angerithi jina ambalo kaka yake alipewa kanisani? Ningeshawishika zaidi kama kipande cha 1936 kingekuwa na jina la zamani, lile la kabla ya ubatizo.

Mjukuu wa Masoko, swali langu kwako ni hili: babu yako alibatizwa lini, na mstari wake unamtaja nani kuwa baba?

#6 Mjukuu wa Masoko

#5, umeuliza jambo ambalo limenikosesha usingizi. Babu alibatizwa mwaka 1927 akiwa mtoto, usharika huo huo. Jina la mama limeandikwa wazi. Mahali pa baba pamepigwa kistari kirefu, bila jina wala neno lolote. Katika ukurasa huo watoto wengine wote wana baba.

#7 Binti Rutenganio

Basi hicho kistari ndicho cha kukiuliza. Kama baba alikuwa amefariki wakiwa katika ndoa halali, wangeandika jina lake na kuongeza kwamba ni marehemu. Kistari naona kinasema kwamba baba yupo, lakini kanisa halimtambui.

#8 Mwalimu Mstaafu, Kyela

Ndaga fijo, binti yangu. Umenisaidia kuthibitisha kwamba mjane alirithiwa, na kanisa likakataa kumwandika mrithi.

#9 Binti Rutenganio

Hapana, Mwalimu. Nimesema kanisa halikumtambua baba, sijasema kwa sababu gani. Huenda ni Ambilikile yule yule aliyerudi kutoka vitani na mke wa pili, akatengwa, na watoto wake wakaandikwa kwa mama. Baba wa mama yangu aliandikwa hivyo hivyo, na baba yake alikuwa hai hadi miaka ya 1950.

#10 Mnyalukolo

Kamwene. Nafuatilia kwa makini nikiwa Iringa, na nawapongeza watani zetu wa Rungwe kwa kugombania mtu mmoja hadi wakampata mara mbili. Sisi huku mtu akifa tunamzika kwanza, mambo ya kipande yanafuata baadaye.

#11 Mwalimu Mstaafu, Kyela

Mtani, ninyi fuvu la mtawala wenu Mkwawa lilizunguka hadi 1954 ndipo likarudi Kalenga. Tuacheni na sisi tumtafute wetu.

#12 Msoma Hati

Wakuu, nimefanya kazi ya kusoma miandiko ya Kijerumani ya enzi hizo kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba tuutazame ushahidi wenyewe kabla ya kuujengea hadithi.

Kwanza, msalaba pembeni mwa jina katika vitabu vya Wajerumani kwa kawaida ni alama ya kufa, kama nyota ilivyo alama ya kuzaliwa. Mzee wa kanisa hakukosea kuusoma hivyo. Lakini neno lililofupishwa lililo mbele yake lina uzito kuliko msalaba. Likiwa "gest." linasema amefariki. Likiwa "ausg." au linalofanana nalo, linasema ametolewa katika ushirika wa kanisa. Katika mwandiko ule wa kale, herufi zake zimelala na kushikana hivi kwamba asiyeuzoea huona mistari ya kupanda na kushuka tu.

Pili, na hili naona hakuna aliyeligusa: mwaka 1919 hapakuwa na mmisionari wa Kijerumani Rungwe wa kuandika Kijerumani pembeni mwa kitabu. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka mwezi wa 5 mwaka 1916 na kuuchukua mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, kisha wamisionari Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa. Sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, baadaye zikasimamiwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia ya Nyasaland, na Wamoravian hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Kwa hiyo maandishi ya Kijerumani yenye mwaka 1919 hayakuandikwa mwaka 1919. Yaliandikwa angalau miaka sita baadaye, na mtu ambaye hakuwepo.

Waza jinsi kazi hiyo ilivyofanyika. Mmisionari amerudi, anakifungua kitabu cha zamani, anawaita wazee na kuuliza jina kwa jina: huyu yuko wapi, na huyu? Kwa aliyechukuliwa na vita na hajaonekana, jibu huwa ni kwamba amepotea, au amekufa wakati ule wa mwisho wa vita. Anaandika msalaba na mwaka wa kukisia. Mtu huyo akirudi baadaye kutoka Rhodesia au Nyasaland, nani atakwenda kuufuta msalaba wake?

#13 Mjukuu wa Masoko

#12, nimesoma mchango wako mara nyingi. Picha yangu ya ukurasa si nzuri sana. Ninachoweza kuona ni kwamba neno linaanza na herufi yenye mkia unaoshuka chini ya mstari, kuna nukta mwishoni, na namba ya mwisho ya mwaka ina kitanzi kilichofunga juu.

#14 Kibena cha Juu

Mkia unaoshuka ni herufi g, basi ni "gest.", yaani amefariki. Suala limekwisha.

#15 Msoma Hati

#14, taratibu. Kama tunaongozwa na herufi ya kwanza peke yake, hata "get.", yaani amebatizwa, huanza na g. Inawezekana kabisa kwamba mwandishi alikuwa anathibitisha ubatizo kutoka katika kitabu kingine. Tunahitaji picha ya karibu, yenye mwanga unaotoka upande mmoja ili mkwaruzo wa kalamu uonekane.

#16 Mtoto wa Tosamaganga

Kwa faida ya wanaosoma uzi huu wakiwa na mababu wa upande wa Iringa, mambo ya Wakatoliki yana utaratibu wake. Wabenediktini walianza Tosamaganga katika miaka ya 1890, na baada ya vita ya kwanza nafasi yao ikachukuliwa na Wakonsolata kutoka Italia. Vitabu vingi vya ubatizo viliandikwa Kilatini, kwa hiyo Yosefu utamkuta akiwa Josephus na Aloisi akiwa Aloysius, nao usihangaike kutafuta tahajia ya nyumbani.

Faida kubwa ni ukingo wa ukurasa. Mkatoliki akifunga ndoa, hata mbali na alikozaliwa, taarifa hurudishwa parokia aliyobatizwa na kuandikwa kando ya jina lake. Mjomba wa mama yangu tulidhani alipotelea Tanga kwenye mkonge. Ukingo wa kitabu ulituonyesha kwamba alifunga ndoa huko, jina la parokia likiwemo, na kwa njia hiyo tukawapata wajukuu zake, ambao wanaongea Kisambaa na wala hawajui kwamba ni Wahehe.

#17 Binti Ubena

#16 umenigusa. Sisi wa Njombe nusu ya ukoo iko Korogwe na Muheza kwa sababu hiyo hiyo ya manamba. Tatizo letu ni kwamba wengi waliandikishwa kwa jina walilolitaja siku ile ya kuandikishwa, na wengine walitaja majina ya uongo kwa sababu walikuwa wanakimbia kodi au wake. Babu yangu mmoja alikwenda Tanga kwa cheti cha binamu yake aliyeugua siku ya safari, akafanya kazi huko kwa jina la binamu, akarudi na jina hilo, na wazee wa rika lake walimwita hivyo hadi kufa. Ukienda na karatasi za mkonge peke yake utamzika aliye hai na kumfufua aliyekufa.

#18 Karani wa Zamani

Binti Ubena amefungua mlango niliotaka kuupitia. Mjukuu wa Masoko, tafadhali ifikirie kodi.

Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia 3 kwa mwaka, na Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa kwa sheria ya 1922. Kodi ilihesabiwa kwa jina lililo katika daftari la mtemi au jumbe. Mwanamume akifa na jina lisifutwe, stakabadhi zake bado zilikuwa na thamani, maana aliyenazo aliweza kupita barabarani bila kukamatwa. Nimewahi kuona ndugu wakitumia stakabadhi ya marehemu kwa miaka, na karani alikubali kwa sababu fedha ilikuwa inaingia. Mtu huyo akienda Chunya kutafuta kazi na stakabadhi hiyo mkononi, kipande chake kitaandikwa kwa jina lililo katika stakabadhi. Hakuna haja ya kuingiza mila ya urithi hapo, wala kufufuka kwa mbeba mizigo.

#19 Mzee wa Chunya

Naomba nizungumzie kipande chenyewe, maana baba yangu alikuwa msimamizi katika machimbo hayo na nimevishika vingi.

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922 na watu wakafurika mwanzoni mwa miaka ya 1930, na wafanyakazi wengi walitoka Rungwe na Usafwa. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku uliyofanya kazi mraba mmoja uliwekwa alama, na siku 30 zikitimia ndipo ulipolipwa. Siku ambayo hukufika haikuhesabiwa, kwa hiyo kadi moja ingeweza kuchukua mwezi na nusu. Kadi iliyotimia kwa kawaida iliishia kwa mwajiri siku ya malipo. Ndiyo maana nauliza: hicho kilichobaki katika mkebe kina alama ngapi?

#20 Mjukuu wa Masoko

#19, nimekwenda kukitazama tena kwa shangazi. Kuna miraba mitano kwa sita. Alama za penseli, mkwaju mmoja kwa kila mraba, zinaishia mraba wa 19. Mkwaju wa mwisho umekandamizwa hadi karatasi ikatoboka kidogo. Iliyobaki ni mitupu. Upande wa nyuma kuna doa la kahawia na mkunjo wa kukunjwa mara nne, kama kitu kilichokaa mfukoni au katika pindo la nguo kwa muda.

#21 Mzee wa Chunya

Basi huyo hakulipwa. Ama alitoroka, ama aliugua, ama alifia kule na kadi ikaletwa nyumbani na wenzake pamoja na vitu vyake. Wenye kadi kama hizo katika familia zao mara nyingi ni wale ambao mtu wao hakurudi na mshahara. Ndugu yangu, kabla ya kuuliza kama alifariki 1919, uliza kama yupo mtu wa ukoo wenu aliyefia Lupa.

#22 Mjukuu wa Masoko

Shangazi anasema bibi yake hakupenda kusikia Chunya ikitajwa nyumbani, lakini hakuwahi kueleza sababu. Kaburi tunaloliita la Ambilikile lilisakafiwa na baba wakubwa miaka ya 1980, na mwaka ulioandikwa pale ni 1941.

#23 Kijana wa Uyole

Mwaka wa kaburi lililosakafiwa baadaye usiutegemee sana. Kwetu baba zangu waliandika mwaka waliokubaliana usiku wa kuamkia sherehe, kwa kuwa fundi alikuwa anasubiri.

Lakini kwa nini tunabishana wakati kuna vipimo vya vinasaba? Mtafute mwanamume mmoja kutoka kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya 1916 na mwingine kutoka kwa babu yako, mpime, jibu litatoka.

#24 Daktari wa Mifugo

#23, kwa swali hili kipimo hicho hakitatoa jibu. Kromosomu ya Y hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana bila kubadilika sana, na ndugu wawili wa baba mmoja wanayo ile ile. Akiwa Ambilikile mwenyewe au mdogo wake aliyemrithi, wajukuu wa kiume watalingana vile vile. Vipimo vingine vya undugu wa jumla hutofautisha mtoto wa baba na mtoto wa baba mdogo wakiwa kizazi cha kwanza, ila baada ya vizazi vitatu tofauti hupungua kiasi cha kutoaminika. Kingesaidia tu kuiondoa ile hoja ya #2 ya mtu asiye ndugu kabisa.

#25 Mwana wa Askari

Salamu, wakuu. Kuhusu ule upande wa vita, msitarajie kupata jina lake katika orodha. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa mwaka 2021 ikikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita ya kwanza, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi ndio wengi katika hao.

Vita ya pili ni tofauti. Baba mkubwa wa mama yangu alikwenda Burma na KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na jina lake tulilikuta katika kumbukumbu ya Taukkyan karibu na Rangoon, ambako yapo majina karibu 27,000 ya waliokufa bila kaburi linalojulikana. Tulilikosa mwanzo kwa sababu karani aliliandika bila "w". Kwa hiyo anayetafuta majina ya Kinyakyusa ajaribu "Ma" na "Mua" pale ambapo sisi tunaandika "Mwa", na katika maandishi ya Kijerumani atafute kabila kwa jina la Konde.

#26 Kibena cha Juu

Bado nasimama na majina kufanana, lakini nakiri kwamba uzi huu umenifundisha mengi. Narudi kwenye kijiji. Mjukuu anasema kijiji ni kile kile 1912 na 1936. Je, hilo halionyeshi kwamba ni mji ule ule, na hivyo mtu yule yule?

#27 Mwalimu Mstaafu, Kyela

Hapana, bwana. Vijiji vya Wanyakyusa wa zamani havikuwa vya ukoo, vilikuwa vya rika. Vijana walitoka kwa baba zao wakajenga pamoja na wenzao wa umri mmoja, wakakaa pamoja hadi uzee, na ndugu wawili waliopishana miaka mingi walikuwa vijiji tofauti. Ndiyo maana huwezi kwenda leo ukamuuliza jirani wa zamani ukadhani anaujua ukoo wako, maana jirani alikuwa mwenzake wa rika na si ndugu yake. Sasa mdogo mtu alipomrithi kaka yake, alihamia katika kijiji cha marehemu na kuchukua nafasi yake miongoni mwa rika lile, hata kama yeye ni mdogo kwao. Kwa hiyo kijiji kuwa kile kile kunaipa nguvu hoja yangu. Jina limefuatana na nafasi, na nafasi imekaa mahali pake.

#28 Msoma Hati

Mwalimu, mila uliyoieleza naikubali, ila kijiji kile kile kunaipa nguvu hoja yangu pia kwa kiwango hicho hicho. Aliyerudi kutoka vitani angerudi wapi kama si kwa wenzake wa rika?

#29 Mama Mchungaji

Wapendwa, naomba neno moja la tahadhari. Katika koo zetu nyingi za huku kusini wapo watu walioingia zamani za vita vya watemi wakiwa mateka au wakimbizi, wakapewa jina la baba na mahali pa kukaa, na watoto wao wakawa wa ukoo kamili. Anayechimba tofauti za majina na kistari cha baba anaweza kufika huko. Mjukuu wa Masoko, utakapoandika, andika kwa namna ambayo shangazi yako anaweza kuisoma mbele ya watu.

#30 Mjukuu wa Masoko

Asante, Mama. Shangazi ndiye aliyenipa mkebe, na amesema anataka kujua lolote litakalopatikana. Nitamsomea yeye kwanza.

Nauliza swali la vitendo. Mbali na kitabu cha usharika, niende wapi?

#31 Msoma Hati

Kuna sehemu tatu. Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam zina mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza, pamoja na kitabu cha wilaya ambamo maofisa waliandika habari za watemi na koo. Nenda na barua ya utambulisho, na uombe faili kwa jina la mtemi, kwa sababu jina la babu yako halitakuwa kichwa cha faili lolote. Kwa miaka ya pengo, yaani 1916 hadi katikati ya miaka ya 1920, karatasi za Livingstonia zimegawanyika kati ya Zomba na Edinburgh. Na kwa Wamoravian wenyewe, makao ya kumbukumbu zao yako Herrnhut, Ujerumani, ambako taarifa na shajara za vituo vya misheni zilipelekwa. Waandikie barua ukitaja kituo na mwaka.

Lakini kabla ya kutumia nauli, rudi katika kitabu kile kile. Piga picha kila ukurasa wa 1905 hadi 1915, na uhesabu misalaba yote iliyoandikwa kwa wino huo uliopauka na mkono huo huo. Ikiwa ina miaka mbalimbali na tarehe kamili, mwandishi alikuwa na kumbukumbu mbele yake na 1919 ina uzito. Ikiwa karibu wote wameandikiwa 1919 bila siku wala mwezi, basi huo ni mwaka wa kukisia, walioandikiwa wote waliopotea vitani kwa pamoja.

#32 Mjukuu wa Masoko

Hilo nitalifanya Jumamosi hii. Mchungaji amekubali kukitoa kitabu, na kijana wangu atakuja na taa ya kuangaza kwa upande kama #15 alivyoelekeza.

#33 Mzee wa Chunya

Na mimi nitamuuliza kaka yangu kuhusu makaburi ya wafanyakazi upande wa Saza. Mengi hayana majina, ila wazee wachache bado wanajua watu wa Rungwe walizikwa upande gani.

#34 Binti Rutenganio

Ukiwa na kitabu mkononi, tazama pia mstari wa ubatizo wa mama wa babu yako, kama alibatizwa. Kama alitengwa, mwaka wa kutengwa kwake utakuwa umeandikwa. Ukiwa kabla ya 1923, Mwalimu ana hoja. Ukikuta hakuwahi kutengwa kabisa, nitataka anieleze jinsi mjane aliyerithiwa alivyobaki mezani pa Bwana.

#35 Mwalimu Mstaafu, Kyela

Nitakueleza, binti yangu, na maelezo ninayo tayari. Kwanza tuone kitabu. Mjukuu, usisahau ukurasa wa wanaume wanaomfuata Ambilikile wenye jina la baba lile lile, hasa waliobatizwa kati ya 1913 na 1915. Mdogo wake, kama alibatizwa, yumo humo, na pembeni mwa jina lake uangalie kama kuna msalaba.